SOMO: MSHAURI NASAHA HAFUNDISHWI KWA SIKU MBILI



Somo hili ni refu kidogo, kwa hiyo tunawashauri mligawe katika mikutano miwili. Mkutano wa kwanza someni sehemu ya 1 hadi ya 4, na wa pili mmalizie. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, kisha mjadili maswali yaliyo mwishoni. Wasiojua kusoma wasiachwe nyuma, maana jambo lenyewe si la vitabu tu. Linahusu nyumba zetu.

Tumeliandika kwa sababu vikundi vitatu vya upande wa Thika na Ruiru vimetuuliza swali moja: "Tuna mwenzetu mwenye digrii anayetaka kurudi chuo kikuu asomee ushauri nasaha. Je, tumsaidie karo? Na akimaliza, atatufaa nini?" Ni swali zuri. Lakini kabla ya kulijibu, ni lazima tuwaambie kosa tulilolifanya sisi wenyewe.

1. KOSA LETU

Miaka kadhaa iliyopita tuliandaa semina ya siku mbili karibu na Ruiru. Mada ilikuwa kuwasaidia watu wenye shida. Walikuja akina mama na wazee wapatao thelathini. Tukafundisha, tukaimba, tukanywa chai na mandazi, na jioni ya siku ya pili tukampa kila mtu karatasi yenye muhuri iliyosema kwamba amehitimu ushauri. Sisi tulidhani tunawatia moyo tu.

Mama mmoja, mwenye moyo mzuri kweli, aliitundika karatasi yake sebuleni. Watu wakaanza kumwendea. Kati yao alikuwa mjane mmoja anayeuza mboga. Majina yao hatuyataji, na ukimaliza somo hili utaelewa kwa nini. Mjane huyo alisema kwamba shemeji zake wanalitaka shamba la marehemu, kwamba kijana wake mkubwa ameshikwa na pombe, na kwamba yeye mwenyewe halali tena usiku. Akasema pia kuna usiku ambao haoni sababu ya kufika asubuhi.

Yule mama alilia pamoja naye. Akamwambia, "Usiwaze sana, dada, kuna wenye shida kuliko wewe." Kisha katika mkutano wa kikundi uliofuata alisimama wakati wa maombi akasema, "Tumkumbuke dada yetu fulani, ambaye mtoto wake ameharibika, na yeye mwenyewe ameanza kufikiria mabaya."

Alisema kwa nia njema kabisa. Lakini yule mjane alikuwa amekaa pale pale, safu ya pili. Watu wote wakageuka kumtazama. Kabla ya jua kutua maneno yalikuwa yamewafikia shemeji zake, nao wakapata la kusema: ati mwanamke ambaye akili zake si timamu hawezi kuachiwa shamba.

Mjane yule hakurudi kikundini. Zamu yake ya kupokea mchango ilikuwa imebaki miezi miwili tu, lakini hakuja hata kuichukua. Tulienda kwake kumwomba msamaha. Alitukaribisha kwa adabu, akatuandalia chai, akatusindikiza hadi barabarani. Juu ya jambo lile hakusema neno. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mama wa karatasi hakuwa mtu mbaya. Alifanya alichojua, na waliompa karatasi ni sisi. Tangu siku hiyo hatujatoa karatasi ya namna ile, na tulianza kuuliza kwa bidii: Je, mshauri wa kweli hufunzwa vipi, kwa muda gani, na wapi?

2. KWA NINI SHIDA HII NI KUBWA KWETU

Zamani mtu mwenye mzigo moyoni alikuwa na mahali pa kwenda. Kulikuwa na wazee, kulikuwa na shosho, kulikuwa na shangazi wa kumwambia mambo ya ndoa. Hawa hawakusoma chuo, lakini walikuwa na miaka mingi, walijua ukoo mzima, na walijua neno gani linasemwa wapi.

Sasa tazameni Ruiru. Hesabu ya watu ya 2009 ilipata watu 238,858 katika mji huo. Hesabu ya 2019 ilipata 490,120. Kwa miaka kumi mji umeongezeka zaidi ya maradufu. Thika nayo ilikuwa na watu 251,407 mwaka huo wa 2019. Barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012, mashamba mengi ya kahawa yaligeuka kuwa ploti. Watu wamekuja kutoka kila pembe ya Kenya. Wanapanga chumba, wanaondoka alfajiri kwenda viwandani au Nairobi, wanarudi usiku. Jirani hamjui jirani. Shosho yuko Murang'a, au Kisii, au Kitui. Mtu anaweza kulia ukutani, na wa chumba cha pili asijue jina lake.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Maradhi ya moyo hufichwa kuliko yote. Tunayaona yakitokea kwa mlango mwingine: pombe, kupigana nyumbani, mtoto kuacha shule, mtu kujidhuru. Ndiyo maana watu wanatafuta washauri, na ndiyo maana wamejitokeza washauri wa kila aina, wengine wakiwa na karatasi kama ile yetu.

3. NANI NI NANI?

Mara nyingi tunawachanganya watu hawa. Hebu tuwatenganishe.

Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kamili, aliyesomea udaktari kwanza, kisha akaongeza masomo ya akili. Yeye anaweza kuandika dawa. Hospitali ya Mathari ya Nairobi, iliyoanza 1910, inajulikana na wengi kwa kazi hii, lakini hospitali kubwa kama Thika Level 5 pia ni mahali pa kuanzia.

Mwanasaikolojia amesomea jinsi akili na tabia za binadamu zinavyofanya kazi, na wengine wao hupima na kutibu kwa mazungumzo.

Mshauri nasaha hukaa na mtu, au mume na mke, au kundi, na kwa mazungumzo ya mpango humsaidia aione shida yake vizuri na kutafuta njia yake mwenyewe. Mshauri nasaha haandiki dawa. Akiona dalili za ugonjwa unaohitaji dawa, kazi yake ni kumpeleka mtu kwa daktari.

Mchungaji, mzee wa kanisa au kiongozi wa kikundi hufariji, huomba, hupatanisha na huelekeza. Kazi hiyo ni njema na haiondolewi na mtu. Lakini si sawa na kazi ya mshauri, isipokuwa kama naye ameisomea.

Jambo moja linawashangaza wengi: mshauri nasaha hatoi mashauri kama sisi tunavyofikiria. Hakuambii, "Mwache huyo mume" au "Vumilia." Mmarekani Carl Rogers (1902 hadi 1987), ambaye mafundisho yake yanasomwa katika vyuo vingi, alisisitiza kwamba mtu akisikilizwa kwa ukweli, bila kuhukumiwa na bila kuharakishwa, ana uwezo wa kukua na kujitafutia njia. Wengine baada yake, kama Aaron Beck (1921 hadi 2021), walifundisha njia ya kuchunguza mawazo yanayomdanganya mtu, mfano "mimi ni bure kabisa", na kuyapima kama ni ya kweli. Mwanafunzi husoma njia nyingi, kisha hujifunza ipi inamfaa nani.

4. NGAZI ZA MASOMO

Masomo ya ushauri nasaha ni kama ngazi. Chini kuna cheti. Juu yake kuna diploma. Kisha kuna digrii ya kwanza, halafu digrii ya pili ambayo huitwa shahada ya uzamili, na juu kabisa shahada ya uzamifu. Kenya ilianza kazi hii kwa vituo vidogo vya mafunzo. Kituo cha Amani cha Nairobi kilianzishwa mwaka 1979, wakati watu wengi walikuwa hawajasikia neno lenyewe. Bomu lilipolipuka Nairobi tarehe 7 Agosti 1998 na kuua watu zaidi ya 200, nchi nzima iliona kwamba walionusurika wanahitaji zaidi ya bandeji. Kuanzia 2001 vituo vya kupima virusi vya Ukimwi kwa hiari vilipofunguliwa, maelfu ya watu walikutana na mshauri kwa mara ya kwanza maishani. Baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008 haja ikawa kubwa zaidi.

Sasa yule mwenzenu anayeuliza habari za uzamili anasimama wapi? Ni lazima awe na digrii ya kwanza. Vyuo hupenda iwe ya saikolojia, ushauri, ualimu, kazi za jamii, uuguzi, au inayokaribiana na hizo. Aliyesomea mambo ya mbali, kwa mfano biashara, huenda akaambiwa aanze na masomo ya kujaza pengo. Kila chuo kina masharti yake, kwa hiyo ayaombe kwa maandishi, asisikize ya barabarani.

Sisi wa upande huu tuna bahati ya kuwa karibu na vyuo. Chuo Kikuu cha Mount Kenya kiko Thika mjini, nacho kilipata hati yake kamili mwaka 2011. Chuo Kikuu cha Kenyatta kiko Kahawa kando ya barabara ya Thika, katika mahali palipokuwa kambi ya jeshi la Waingereza, na kimekuwa chuo kikuu kamili tangu 1985. Ukiendelea kuelekea Nairobi kuna USIU upande wa Kasarani na Pan Africa Christian upande wa Roysambu. Vyote hivi vimefundisha saikolojia ya ushauri katika kiwang cha uzamili. Mtu wa Ruiru anaweza kwenda kwa matatu moja na kurudi nyumbani kulala, jambo ambalo ndugu zetu wa Turkana au Tana River hawana.

(Mkutano wa kwanza uishie hapa.)

5. CHUONI WANAFUNDISHWA NINI?

Tutawaeleza kwa kumtumia mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwanachama wa kikundi cha akina mama huko Ruiru, ambaye ametukubalia tusimulie habari zake bila jina. Alikuwa na digrii ya ualimu, na watoto shuleni walikuwa wakimletea mambo mazito ambayo hakujua ayafanyie nini. Akaamua kurudi chuoni.

Masomo ya uzamili kwa kawaida ni miaka miwili, ingawa wafanyakazi wengi wanaosoma jioni au wakati wa likizo huchukua zaidi. Yana sehemu nne, nazo ni hizi:

Kwanza, masomo ya darasani. Jinsi binadamu anavyokua tangu utoto hadi uzee. Njia mbalimbali za ushauri. Magonjwa ya akili na dalili zake. Ushauri wa ndoa na jamaa, wa vikundi, wa walevi, wa waliopatwa na mshtuko. Maadili ya kazi na sheria. Na utafiti na takwimu, ambazo mwalimu wetu anasema zilimtoa jasho kuliko zote.

Pili, mazoezi. Mwanafunzi hupelekwa hospitalini, shuleni au katika kituo, akae na watu halisi. Masaa yake huhesabiwa na kuandikwa. Lakini haachwi peke yake. Kila mara hurudi kwa msimamizi, mshauri mwenye uzoefu, na kumweleza: nilisema hivi, mtu akajibu hivi, nikaogopa hapa. Msimamizi humwonyesha alipokosea kabla kosa halijamuumiza mtu. Hata baada ya kuhitimu, mshauri mzuri huendelea kuwa na msimamizi.

Tatu, kujijua mwenyewe. Mwanafunzi huyu naye huketi kwenye kiti cha mwenye shida na kuongea na mshauri. Mwalimu wetu alikataa mwanzoni. "Nilisema mimi sina shida," alitueleza. "Siku ya tatu nikajikuta nalia kwa ajili ya baba yangu aliyekufa nikiwa darasa la sita. Kumbe kila mtoto yatima aliyekuja kwangu shuleni nilikuwa namkatiza haraka, kwa sababu maneno yake yalikuwa yananiuma mimi." Hilo ni somo kubwa. Ukiwa na kidonda usichokijua, utakifunika kwa mashauri ya haraka.

Nne, utafiti. Mwanafunzi huchagua swali, hupata ruhusa ya kamati ya maadili na kibali cha NACOSTI, huenda kwa watu kukusanya habari, kisha huandika kitabu na kukitetea mbele ya wakubwa wa chuo. Wengi hukwama hapa. Wamemaliza darasa lakini kitabu hakiishi, na karo inaendelea kudaiwa. Kikundi kinachomsaidia mtu kijue jambo hili mapema.

Tulimuuliza mwalimu amejifunza nini hasa kwa mwaka wa kwanza. Akacheka, akasema, "Nilijifunza kunyamaza."

6. SIRI, NA MAHALI INAPOISHIA

Katika maadili yote, siri ndiyo nguzo. Lililosemwa ndani ya chumba hubaki ndani ya chumba. Haliendi kwa mume, wala kwa mwenyekiti, wala kwenye maombi. Mshauri akitaka kumwomba mwenzake msaada juu ya jambo lako, huficha jina na kila kitu cha kukutambulisha.

Lakini mshauri aliyefunzwa hukuambia tangu siku ya kwanza kwamba siri ina mipaka. Ukitaka kujiua au kumwua mwingine, au mtoto akiwa anadhulumiwa, au mahakama ikiamuru, itabidi aseme, na atamwambia yule anayepaswa kujua tu, si kijiji kizima. Rudini kwa mjane wetu mpime. Alikuwa katika hatari, kwa hiyo kulikuwa na jambo la kufanya: kutomwacha peke yake usiku ule, kumuuliza waziwazi kama amepanga kujidhuru, na kumsindikiza hospitalini. Kumwuliza mtu hivyo hakumtii wazo baya kichwani, bali humpa nafasi ya kutua mzigo. Badala yake siri ilikwenda kwa watu hamsini wasioweza kusaidia, na haikufika kwa mmoja aliyeweza.

Wengi huogopa kusema kwa sababu kwa miaka mingi sheria yetu, kifungu cha 226 cha sheria za makosa ya jinai, ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Mwambieni mwenye mzigo kwamba mahali pake ni hospitali, si kituo cha polisi.

7. SHERIA INASEMAJE?

Tangu 2014 Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, ambayo ni namba 14 ya mwaka huo. Sheria hiyo iliunda Bodi, na inataka yeyote anayefanya ushauri nasaha kuwa taaluma yake awe amesajiliwa na kupewa leseni. Kuwa na digrii peke yake hakutoshi, kama vile kujua kuendesha gari hakutoshi bila leseni. Kuna pia chama cha watu wa kazi hii, KCPA, lakini mkumbuke chama ni chama, Bodi ni Bodi.

Kwa hiyo mtu akija kwenu na kusema yeye ni mshauri, msione haya kumuuliza maswali matatu: Umesoma wapi na hadi ngazi gani? Umesajiliwa na nani? Msimamizi wako ni nani? Mshauri wa kweli hakasiriki.

Na mwenzenu akitaka kujiunga na chuo, aulize kwanza kama kozi yenyewe imekubaliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na kama Bodi inaitambua. Aulize kabla ya kulipa hata shilingi moja.

8. JE, KIKUNDI KISAIDIE KARO?

Mwalimu alipolileta ombi lake, kikundi kilikuwa kinaweka pesa za kununua tangi la maji. Mjadala ulikuwa mkali. Mweka hazina alisema, "Tangi litawanywesha watu wote. Digrii itamnywesha mtu mmoja." Mama mwingine akajibu, "Tangi tuko nalo moja shuleni. Nani aliye na mtu wa kumlilia?" Mkutano uliisha bila uamuzi, na pia uliofuata.

Mwishowe walikubaliana hivi. Hawakumpa zawadi, walimkopesha. Walifanya hesabu: wanachama 25, kila mmoja shilingi 200 kwa mwezi, ni shilingi 5,000. Kwa mwaka ni 60,000, na kwa miaka miwili 120,000. Karo yote haikutosha hapo, lakini mwalimu alikuwa na akiba yake katika sacco, na sehemu nyingine akaomba mkopo wa HELB, ambayo hukopesha wanaosomea uzamili pia. Wakaandika mkataba: atarudisha polepole akishahitimu, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi atafanya kazi ya ushauri bila malipo. Tangi lilinunuliwa mwaka mmoja baadaye, dogo kidogo kuliko walivyotaka.

Tunawashauri mfanye vivyo hivyo. Karo yote iandikwe tangu mwanzo, pamoja na pesa za mitihani, za msimamizi na za utafiti. Lipeni chuo moja kwa moja, nusu mwaka kwa nusu mwaka, na mwone matokeo kwanza. Mwandike pia itakuwaje akiugua, akihama au akikwama kwenye kitabu. Mkataba si dharau. Unalinda urafiki.

Sasa sikilizeni lililotokea, maana hatukulitarajia hata sisi. Mwalimu alipohitimu, wanakikundi wakaenda kwake kwa furaha, wa kwanza akiwa katibu mwenye matatizo ya ndoa. Mwalimu akamkataa! Alimpokea, akamsikiliza dakika chache, kisha akasema hawezi kuwa mshauri wake.

Lo, kelele zilizotokea! "Tulimlipia karo, sasa hataki kutusikiliza!" Wakaitisha mkutano. Mwalimu alisimama akawaambia, "Mama, nawadai heshima na ninyi mnanidai pesa. Katibu anaandika kama nimelipa au sijalipa. Akiniambia siri za nyumbani kwake leo, kesho tutaketi vipi katika hesabu? Atanionea haya, au mimi nitamwogopa. Mtu hawezi kuwa mdeni wako, na rafiki yako, na mshauri wako kwa wakati mmoja."

Kimya kilikuwa kirefu. Kisha mweka hazina, yule wa tangi, akauliza, "Basi pesa yetu imekwenda wapi?"

Mwalimu alikuwa ameshalifikiria. Mwenzake waliyesoma pamoja anafanya kazi Thika mjini. Wakakubaliana kubadilishana: Jumamosi ya kwanza wa Ruiru wenye shida wanakwenda Thika kwa mwenzake, na mwalimu anawaona wa Thika wasiomjua. Nauli inatoka kwenye mfuko wa kikundi, bila kuandika jina la aliyesafiri. Katibu alikwenda. Alituambia jambo moja tu: kwamba ilikuwa rahisi kuongea na mtu ambaye hatakutana naye sokoni.

9. NA WASIOKUWA NA DIGRII?

Msielewe vibaya. Hatusemi mtu wa kawaida hana kazi. Utafiti uliochapishwa 2003 ulifanyika katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, Uganda. Watu wenye huzuni nzito walikutana katika vikundi mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofunzwa kwa wiki mbili, na huzuni ilipungua sana kuliko kwa wale ambao hawakukutana. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina nyanya kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati, na matokeo mema yalichapishwa 2016. Hata Nairobi, utafiti uliochapishwa 2017 ulionyesha kuwa wahudumu wa afya wa kijijini waliwasaidia wanawake waliodhulumiwa, kwa mikutano mitano tu.

Mtauliza: mbona hao walifunzwa muda mfupi, na ninyi mnakataa siku mbili? Jibu ni hili. Hao walifundishwa njia moja kwa shida za aina moja, walijua mpaka wao, na nyuma yao kulikuwa na wataalamu wa kuwasimamia wakati wote. Sisi tulitoa karatasi tukaenda zetu. Mwenye digrii mmoja katika eneo akiwasimamia wasikilizaji kumi, wote kumi wanafaa. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kumsomesha mmoja wenu.

10. MWISHO

Yule mjane tulikutana naye mwaka jana soko la Thika. Bado anauza mboga. Shamba alibaki nalo, baada ya kesi ndefu. Tulimwambia kwamba sasa kuna mtu wa kuongea naye, na kwamba hamjui yeyote wa kikundi. Akafunga sukuma wiki za mteja, akahesabu chenji, kisha akauliza, "Anakaa wapi?" Tukamwambia. Hatukuuliza kama alikwenda, na hatutauliza.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kikundi chetu, mtu akiwa na mzigo moyoni humwendea nani? Huyo mtu hutunza siri?
2. Je, tumewahi kuomba au kutangaza jambo la mtu bila ruhusa yake? Tulirekebishaje?
3. Mweka hazina alisema tangi litawanywesha wote. Mngekuwa pale, mngemjibu nini?
4. Mwalimu alifanya vyema kumkataa katibu? Kwa nini?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Chagueni watu wawili waende hospitali iliyo karibu waulize huduma za ushauri zinapatikana siku gani na kwa malipo gani. Waandike katika kitabu cha kikundi. Kama kuna mwenzenu anayetaka kusomea kazi hii, alete masharti ya chuo na karo kwa maandishi. Na kama kuna mwenye karatasi ya semina yetu ya zamani ukutani, tunamwomba kwa heshima aitoe. Kosa lilikuwa letu, si lake.